Bukta ya Namba Nne

Mimi simjui kwa mabao.
Misimu sita, mabao mawili,
na moja kati ya hayo alitufunga sisi wenyewe.
Mimi namjua kwa madoa.

Nilikuwa mfua jezi wa timu ya bandarini, Braila,
ambako Danubi hupita pana, kimya,
kama mtu anayedaiwa.
Alikuja Januari ndani ya koti la kuazima,
Wilfrido Cantero, mzaliwa wa Pilar, Paraguai.
Wakala alimshusha kituo cha treni
akaondoka na pasipoti, "kwa usajili tu".
Siku mbili alikuwa mgeni. Ya tatu wakampa
namba nne, na uwanja mgumu kama sahani.

Bukta ilirudi kwangu na doa nyonga ya kushoto:
kijani, juu yake tope,
katikati uzi mwembamba wa damu.
Kila wiki, palepale.
Aliteleza upande mmoja tu,
mguu mbele, mwili ukifuata
kama mlango unaofungwa na upepo.
Nikatia siki, chumvi, maji baridi.
Damu haitaki maji ya moto;
makocha saba nimewafulia, hakuna aliyelijua hilo.

Beki hana hesabu.
Mpira uliokuwa uingie, haukuingia:
nani aliupiga picha?
Mshambuliaji hukosa mara tisa, ya kumi akabebwa mabegani.
Yeye aliokoa tisa. Wa kumi ukamgonga goti
dakika ya themanini na nane, ukaingia,
na jukwaa la magharibi likamzomea kwa jina lake la kwanza,
ambalo mpaka siku hiyo hawakuwa wamelishika.
Jumatatu nikaikuta jezi yake juu ya kapu
imekunjwa, mara ya kwanza,
vizuri mno.

Miezi minne mshahara haukutoka.
Alikula viazi vya nahodha na supu yangu,
na bado kila mwisho wa mwezi alituma kitu kwao,
dada yake alikuwa chuo cha wakunga.
Usiku mmoja, mashine zikizunguka,
akaniambia kwa Kiromania cha kuokoteza:
"Bibi Zamfira, kwetu, kwa Kiguarani, 'sisi' ziko mbili.
Ñande ni sisi pamoja nawe unayesikia.
Ore ni sisi, wewe ukiwa nje."
Nikamuuliza, hapa anasikia ipi.
Akatazama povu kwenye kioo cha mashine.
Lugha yangu ina neno moja tu,
lakini nimekaa ukumbini na mataulo miaka ishirini,
najua ni mawili.

Mwezi wa Mei tulipanda daraja.
Chumbani mvuke, bia, watu wazima wakilia,
naye juu ya benchi, miguu peku, anapiga kelele:
Ñande! Ñande!
Vijana wakadhani ni jina la kinywaji.
Hadi leo, wakigonganisha glasi,
ndilo neno wanalosema.

Kisha goti, lile lile.
Kisha Kupro, daraja la tatu, kwa mkataba wa miezi mitano.
Kisha nyumbani, kwenye mto mwingine mpana,
anakata tiketi za kivuko asubuhi
na jioni anafundisha watoto kuteleza bila kuumia.
Ameniandikia: mwanangu ni mshambuliaji,
nimeshindwa kumlea.

Bukta ile sikuiweka kabatini.
Timu yetu maskini, hatuna cha kutunza.
Amepewa mvulana mrefu kutoka Moldova,
masikio makubwa, haongei.
Yeye huteleza kulia.
Sasa ina madoa pande zote mbili,
la zamani limekuwa kahawia, halitoki.
Nimeiloweka.
Kesho tuko ugenini, basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri.